Bob Wills alifanya nini hasa mbele ya bendi yake?

SWALI: Mwalimu, mimi ni mpenzi wa muziki wa kantri tangu utotoni, kwa kuwa wazee wetu hapa Nakuru hawachoki kusikiliza nyimbo za Jim Reeves redioni. Siku hizi nafuatilia mizizi ya muziki huo, na kila ninaposoma nakutana na jina la Bob Wills, anayeitwa mfalme wa swingi ya Magharibi. Nikisikiliza santuri zake, hata hivyo, anayeimba ni mtu mwingine, gitaa linapigwa na mwingine, solo nzuri za fidla pia ni za wengine, na yeye namsikia tu akipiga ukelele katikati ya wimbo. Alifanya nini hasa hata akapewa ufalme, na maisha yake yalikuwaje?

JIBU: Ndugu msomaji, sikio lako halijakudanganya. Bob Wills hakuwa mwimbaji mkuu wa bendi yake, hakuwa mpiga solo wake bora, na muziki unaohusishwa na jina lake hakuuanzisha peke yake. Wapiga fidla aliowaajiri, kama vile Jesse Ashlock, na baadaye Joe Holley na Johnny Gimble, waliweza kubuni solo papo kwa papo kwa lugha ya jazi ambayo yeye hakuijua vizuri. Yeye alipiga fidla kama alivyofundishwa na baba yake, akiifuata sauti ya wimbo moja kwa moja kwa upinde mrefu na uzito wa huzuni ndani yake. Kazi yake ilikuwa kuongoza, na kuongoza bendi ya dansi katika Marekani ya miaka ya 1930 kulikuwa na maana pana sana: kuchagua watu, kuwatafutia kituo cha redio na mdhamini, kuamua wimbo gani upigwe dakika hii na nani aingie, na kuhakikisha kwamba mamia ya watu waliolipa kiingilio hawarudi vitini. Katika kazi hiyo sijui aliyemzidi katika eneo lake.

Kwanza tuelewane kuhusu muziki wenyewe. Swingi ya Magharibi ni muziki wa dansi uliokua Texas na Oklahoma, ukiunganisha fidla za mashambani, bluzi na jazi za watu weusi, polka na walsi za wahamiaji kutoka Ulaya, na nyimbo za Wameksiko. Jina hilo lilienea California katika miaka ya 1940, wakati wapiga promosheni wa huko walipokuwa wakimtangaza kiongozi mwingine wa bendi, Spade Cooley, ambaye naye aliitwa mfalme. Wills alipokuwa akiijenga bendi yake hakuna aliyeuita muziki huo hivyo. Kwa wateja wake ulikuwa muziki wa kuchezea tu, na nadhani hilo linaeleza mengi kumhusu kuliko cheo cha kifalme.

James Robert Wills alizaliwa tarehe 6 Machi 1905 karibu na Kosse, Texas, katika ukoo uliojaa wapiga fidla upande wa baba na wa mama. Mwaka 1913 familia ilihamia Hall County, kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, ikisafiri kwa gari la kukokotwa na wanyama na kusimama njiani kuchuma pamba ili kupata nauli na chakula. Mashamba hayo ya pamba ndiyo yaliyokuwa shule yake ya pili. Alicheza na kufanya kazi pamoja na watoto na vibarua weusi, akasikia bluzi kutoka vinywani mwa wenyewe kabla hazijaenea katika santuri, na alipokuwa kijana alipanda farasi mwendo wa takriban maili 50 kwenda kumsikiliza Bessie Smith. Mpaka uzeeni alikuwa akimtaja mwimbaji huyo kwa heshima isiyo na kipimo.

Dansi lake la kwanza alilipiga mwaka 1915, akiwa na miaka 10. Baba yake, John Wills, alitakiwa kupiga fidla kwenye dansi la nyumbani kwa jirani, na kijana alitangulia, ili amsindikize baba kwa ala atakapofika. Baba alichelewa mno, watu wakaanza kununa, na kijana akaichukua fidla na kupiga nyimbo sita alizozijua, kisha akazirudia tena na tena. Watu wakacheza. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi wa kipaji cha utotoni, lakini mimi nakisoma tofauti: mtoto alijifunza mapema kwamba anayecheza hahitaji nyimbo mia moja, anahitaji mdundo usiokatika.

Fidla haikumlisha kwa muda mrefu. Alisomea unyozi, akamwoa Edna Posey mwaka 1926, akanyoa nywele Roy, katika jimbo la New Mexico, na baadaye Turkey, mji mdogo wa Texas ambao hadi leo humfanyia tamasha kila mwezi wa Aprili. Huko Roy alipiga muziki kwa wachezaji wengi wa Kimeksiko, na kwa ajili yao akatunga wimbo wa ala tupu ulioitwa Spanish Two Step, ambao utarudi tena katika maelezo haya. Mwaka 1929 alihamia Fort Worth na kujiunga na kundi la wauza dawa waliokuwa wakizunguka wakifanya maonyesho ili kuvuta wateja. Katika kundi hilo alijipaka uso masizi na kuigiza watu weusi kwa kuchekesha, desturi ya aibu iliyokuwa ya kawaida katika majukwaa ya Marekani ya wakati huo. Humo pia ndimo alimopatia jina la Bob, kwa sababu tayari kulikuwa na Jim mwingine.

Mwaka 1930 alikutana na Milton Brown, na hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa wengi wanaomsifu Wills humpita Brown haraka. Brown alikuwa mwimbaji mwenye sauti laini ya mjini, aliyejua nyimbo za jazi na za kumbi za maonyesho. Akishirikiana na Wills na mpiga gitaa Herman Arnspiger, alianza kupiga redioni na kwenye ukumbi wa Crystal Springs nje ya Fort Worth. Mwaka 1931 walipata mdhamini: kinu cha unga cha Burrus Mill, kilichowapa jina la Light Crust Doughboys kutokana na unga wake. Meneja wa kinu, W. Lee O'Daniel, hakuupenda muziki wao na alikisimamisha kipindi baada ya muda mfupi. Wasikilizaji walipolalamika akakirudisha, lakini kwa sharti kwamba wanamuziki wafanye kazi za kinu kama vibarua wengine, saa 40 kwa wiki, pamoja na kupiga muziki. Baadaye O'Daniel mwenyewe akawa mtangazaji wa kipindi, umaarufu huo wa redioni ukamfikisha kwenye ugavana wa Texas, na kutoka hapo akaingia Seneti ya Marekani. Ni nadra unga wa ngano kumpandisha mtu kiasi hicho.

O'Daniel alitaka matangazo ya redio tu, bila madansi; wanamuziki walijua kwamba fedha ziko kwenye madansi. Brown aliondoka mwaka 1932 na kuunda bendi yake ya Musical Brownies, iliyokuwa na piano na fidla za jazi, na kufikia mwanzoni mwa 1935 ikarekodi na Bob Dunn, aliyepiga gitaa la stili, yaani lile gitaa la asili ya Hawaii linalolazwa mapajani na kupitishiwa kipande cha chuma juu ya nyuzi, lililounganishwa na umeme wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni kabisa kwenye santuri. Mambo mengi ambayo msikilizaji wa leo huyahesabu kuwa ya Wills yalisikika kwanza kwa Brown. Brown alifariki Aprili 1936, siku chache baada ya ajali ya gari, na ndiyo maana naona si haki kumwita Wills mwanzilishi pekee. Angeishi miaka kumi zaidi, huenda wewe ungekuwa unaniuliza habari zake.

Wills alibaki kinuni akatafuta mwimbaji wa kuziba pengo. Aliwasikiliza watu 67 kabla ya kumchagua Tommy Duncan, na hapo tunamwona kiongozi akianza kuonekana. Duncan alikuwa na sauti nzito na tulivu, angeweza kuimba bluzi, nyimbo za mapenzi na za wachunga ng'ombe bila kubadilika kuwa mtu mwingine, naye akabaki mwimbaji wa Wills hadi 1948. Mwezi Agosti 1933 Wills alifukuzwa kinuni, kwa sababu ya ulevi uliomfanya akose vipindi. Alihamia Waco na baadhi ya wenzake, akaiita bendi yake Playboys, na O'Daniel akamshtaki akidai dola 10,000 kwa kuwa bendi ilijitangaza kuwa na watu waliotoka Light Crust Doughboys. Meneja alishindwa, akakata rufaa, akashindwa tena. Wills alipovuka mpaka kwenda Oklahoma City mwanzoni mwa 1934, O'Daniel alikishawishi kituo cha redio cha huko kimwondoe hewani. Ndipo bendi ikasonga hadi Tulsa, kwenye kituo cha KVOO, na tarehe 9 Februari 1934 ikaanza matangazo ambayo O'Daniel hakufaulu kuyazuia.

Miaka minane ya Tulsa ndiyo inayojibu swali lako, hivyo nitaikalia kwa kirefu.

Angalia kwanza jinsi biashara ilivyoendeshwa. Bendi ilipiga KVOO kila adhuhuri, saa ambayo wakulima walirudi nyumbani kula, na kituo kilisikika mbali sana na Tulsa. Matangazo hayo hayakuwa chanzo kikuu cha fedha. Yalikuwa njia ya kuwaambia watu bendi itapiga wapi usiku. Baada ya kipindi wanamuziki walipanda basi lao wakaenda mji uliopangwa, wakapiga dansi hadi usiku wa manane, wakarudi alfajiri na kuingia tena redioni mchana. Alhamisi na Jumamosi walibaki nyumbani, katika ukumbi wa Cain's, jengo lililojengwa mwaka 1924 likiwa gereji. Wills, akisaidiwa na meneja wake O. W. Mayo, alikuwa amejifunza kutoka kwa O'Daniel jinsi unga unavyouzwa kwa muziki, lakini safari hii hakutaka kuwa kibarua wa kinu. Aliifuata kampuni ya General Mills akapata unga uliobeba jina la bendi, Play Boy Flour, yeye akilipwa kwa kadiri unga ulivyouzwa. Aliyefukuzwa na kinu kimoja akawa na unga wake madukani.

Pili, angalia aliowachagua. Bendi za fidla za Texas hazikuwa na dramu, kwa kuwa gitaa na besi vilitosha kushika mdundo. Mwaka 1935 Wills alimwajiri Smokey Dacus, mpiga dramu aliyetoka katika bendi za jazi, na baadhi ya watu wakamwona amepotea. Mwaka huo huo alimchukua Al Stricklin kwa piano na Leon McAuliffe, kijana wa miaka 18, kwa gitaa la stili. Mwaka 1937 aliingia Eldon Shamblin, mpiga gitaa aliyekuwa na elimu ya kuandika muziki. Ukitaka kusikia umuhimu wa Shamblin, usisikilize solo zake. Sikiliza kile anachokifanya nyuma ya mwimbaji. Badala ya kukaa kwenye kodi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa mizunguko miwili au mitatu, anabadilisha kodi karibu kila pigo, kiasi kwamba gitaa la ridhimu linatembea kama besi ya pili. Kwa mtindo huo wimbo wa kodi tatu wa mashambani unaanza kutembea kijazi, lakini miguu ya mkulima haichanganyikiwi.

Tatu, na hili ndilo ulilolisikia kwenye santuri, angalia alivyoiendesha bendi jukwaani. Hakuwa na orodha ya nyimbo iliyopangwa tangu jioni. Alitazama sakafu: akiona wazee wengi anaita walsi, akiona vijana wamechangamka anaongeza kasi, mtu akipenyeza ombi linapigwa. Solo pia hazikugawanywa mapema. Aliunyoosha upinde wa fidla kumwelekea aliyemtaka, na mtu huyo alipaswa kuingia hapo hapo. Kwa hiyo wanamuziki hawakuthubutu kuondoa macho kwake usiku kucha. Mara nyingine alimwita mtu mara mbili mfululizo kwa kuwa alihisi bado ana la kusema, na mara nyingine alimpa zamu aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu. Wapigaji walioondoka kwake wakajiunga na bendi nyingine wamekiri kwamba kwake walipiga vizuri kuliko kwingine kokote, na sababu waliyoitoa ni uangalizi huo.

Ukelele wake, ile "aah-haa" ndefu na nyembamba, ni sehemu ya uangalizi huo. Aliurithi kutoka kwa wapiga fidla wa ukoo wake, waliokuwa wakipiga mayowe dansi linapokolea, akauongezea maneno ya utani, kuwataja wapigaji kwa majina na kuwajibu waimbaji kati ya mistari. Mtu aliyezoea dansi la Kikongo atamtambua mara moja: ni atalaku aliyeshika fidla. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba mara nyingi sauti hiyo inatoka anapoitoa zamu kwa mpigaji au pale mpigaji anapofanya jambo lililomfurahisha, hivyo santuri zimehifadhi kwa sauti kile ambacho wachezaji walikiona kwa macho.

Art Satherley, mzaliwa wa Uingereza aliyesimamia kurekodiwa kwa bendi mara ya kwanza huko Dallas mwezi Septemba 1935, hakulielewa jambo hilo. Alishangaa kuona saksafoni na tromboni katika bendi aliyodhani ni ya fidla, kisha Wills alipoanza kupiga ukelele juu ya uimbaji akasimamisha kazi na kumwambia anaufunika muziki. Wills aliwaambia watu wake wafungashe vyombo warudi nyumbani. Satherley akakubali yaishe, na ukelele ukabaki. Si kiburi tu, ingawa kiburi alikuwa nacho. Alijua kwamba bila kiongozi kusikika, wateja wake wangekuwa wananunua bendi nyingine.

Siwezi kuiacha Tulsa bila kulitaja jambo ambalo wasifu nyingi hulipitia pembeni. Muziki huu ulichota sana kutoka kwa watu weusi, na Wills hakulificha hilo, lakini bendi yake ilikuwa ya wazungu watupu na kumbi zake zilifuata sheria na desturi za ubaguzi za Oklahoma. Cain's haiko mbali na Greenwood, mtaa wa watu weusi uliochomwa moto na makundi ya wazungu mwaka 1921, miaka 13 tu kabla Wills hajafika. Katika wimbo Take Me Back to Tulsa, uliorekodiwa mwaka 1941, umo ubeti unaosema, kwa neno la dharau lililotumiwa kumwita mtu mweusi, kwamba yeye hulima pamba na mzungu huzoa fedha. Ubeti wa namna hiyo ulikuwa ukiimbwa na vibarua weusi tangu zamani, kama lalamiko. Kwenye sakafu ya Cain's watu waliucheza kwa furaha, na sidhani wengi walijiuliza nani alikuwa akisema nini. Mvulana aliyechuma pamba na vibarua hao alijua, na sioni ushahidi kwamba ujuzi huo ulibadilisha mpangilio wa biashara yake.

Mwezi Novemba 1938, tena huko Dallas, Satherley alimwomba wimbo mwingine unaofanana na Spanish Two Step. Wills akaugeuza: sehemu ya wimbo ule wa zamani akaipiga kinyume, ikazaliwa San Antonio Rose, ala tupu. Wachapishaji wa kampuni ya Irving Berlin waliitaka yenye maneno. Bendi ikayatunga, na mwezi Aprili 1940 ikarekodi New San Antonio Rose, Duncan akiimba na ala za kupuliza zikichukua nafasi ya fidla. Mwimbaji mashuhuri Bing Crosby naye akaurekodi na kuupeleka nyumba ambazo hazijawahi kusikia habari za KVOO. Bendi ikakua hadi kuwa na watu wapatao 18, ikiwa na safu kamili za saksafoni na tarumbeta, na mwaka huo ikaonekana Hollywood katika filamu pamoja na mwigizaji Tex Ritter. Kwa muda mfupi Wills aliongoza bendi ambayo ingeweza kupiga mtindo wa bendi kubwa za New York dakika moja, na dakika inayofuata ikapiga fidla ya harusini. Mimi binafsi napenda zaidi santuri za 1938, kabla ala za kupuliza hazijawa nyingi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikavunja mpangilio huo. Wanamuziki waliandikishwa mmoja mmoja, na Wills mwenyewe, akiwa na miaka 37, aliingia jeshini mwishoni mwa 1942 na kuachiliwa Julai 1943. Miezi michache kabla ya kuandikishwa alikuwa amemwoa Betty Anderson. Ndoa nyingine zilikuwa zimevunjika kabla ya hapo, lakini hii ilidumu hadi kifo chake. Alihamia California, ambako maelfu ya watu wa Oklahoma na Texas walikuwa wamekwenda kufanya kazi mashambani na katika viwanda vya vita. Wateja wake walikuwa wamemtangulia. Mwezi Desemba 1944 alialikwa kwenye Grand Ole Opry huko Nashville, kipindi kilichoyapiga marufuku madramu, na hakukubali kupiga bila dramu zake. Mwaka 1946 New Spanish Two Step ilikaa nafasi ya kwanza kwa majuma 16 kwenye orodha ya nyimbo za aina hiyo ya jarida la Billboard.

Bendi ya California ilikuwa ndogo kuliko ya Tulsa, na Wills akaifanyia hesabu mpya. Mahali pa saksafoni aliweka nyuzi zenye umeme: mandolini ya Tiny Moore, gitaa la stili la Herb Remington, na gitaa la Junior Barnard, lenye sauti chafu ya kukwaruza ambayo roki ingeipenda miaka kumi baadaye. Kati ya 1946 na 1947 kundi hilo lilirekodi zaidi ya nyimbo 200 kwa ajili ya kampuni ya Tiffany, kwenye santuri kubwa zilizokusudiwa vituo vya redio tu. Hapo hapakuwa na msimamizi wa kumzuia, na kwa maoni yangu ndizo rekodi zinazotuonyesha kwa karibu zaidi usiku wa dansi ulivyokuwa.

Udhaifu wake ulikuwa ule ule wa 1933. Hakunywa kila siku, ila akianza hakuacha kwa siku kadhaa, na katika siku hizo hakuonekana jukwaani. Fikiria ukumbi uliojaa watu waliolipa ili wamwone Bob Wills, na Duncan amesimama mbele yao akijaribu kuwatuliza. Duncan alichoka, akasema alichokuwa nacho moyoni, Wills akasikia, na mwaka 1948 akamwagiza Shamblin amwachishe kazi. Kiongozi aliyewasikiliza waimbaji 67 hakupata tena sauti ya kulingana na hiyo.

Mwaka 1950 alifungua ukumbi mkubwa Dallas, Bob Wills Ranch House. Usimamizi wa fedha ulikuwa mbovu, deni la kodi likamwelemea, na ili kulilipa akauza haki za nyimbo zake, San Antonio Rose ikiwamo. Mwaka huo huo ilitoka Faded Love, sauti ya wimbo ikitokana na fidla ya baba yake Wills na maneno yakiandikwa na mdogo wake Billy Jack. Ilikuwa miongoni mwa nyimbo zake za mwisho kufanya vizuri sokoni. Lawama zote tusimtwike yeye, hata hivyo. Tangu 1944 serikali ya Marekani ilikuwa imetoza kodi nzito kwa kumbi zenye dansi, televisheni ikawazuia watu nyumbani, na bendi kubwa zikafa kila mahali, za weusi na za wazungu. Aliendelea kuzunguka kwa basi kwa miaka mingine kumi na zaidi, akarudiana na Duncan kwa muda kuanzia 1959, akapata mshtuko wa moyo mwaka 1962 na tena 1964, kisha akaacha kuongoza bendi yake mwenyewe na kuzunguka akipiga na bendi za wengine.

Heshima zilimjia amechoka. Mwaka 1968 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na tarehe 30 Mei 1969 serikali ya Texas ilimwalika Austin kumtunukia. Siku iliyofuata alipata kiharusi kilichompooza upande mmoja. Mwimbaji wa kantri Merle Haggard, aliyekuwa katika kilele cha umaarufu wake, alijifunza fidla makusudi ili atoe albamu ya kumuenzi mwaka 1970, na vijana wa Texas wakaanza kuzitafuta santuri za zamani. Desemba 1973 wapigaji wake wa zamani, wakiwamo Dacus, Stricklin, McAuliffe na Shamblin, walikusanyika Dallas kurekodi naye. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akiweza kusema kidogo tu, lakini siku ya kwanza alisikika akipiga ule ukelele. Usiku huo kiharusi kingine kikampata, na wenzake wakaimaliza kazi bila yeye. Hakupata tena fahamu zake sawasawa, na akafariki Fort Worth tarehe 13 Mei 1975. Amezikwa Tulsa.

Kwa kuwa unasikiliza na si kusoma tu, nakushauri uanze na Ida Red ya 1938, ambayo mwanamuziki wa roki Chuck Berry aliitumia kama msingi wa Maybellene mwaka 1955. Isikilize mara ya kwanza kwa ajili ya dramu na gitaa la ridhimu, na mara ya pili mfuate Wills peke yake: kila anapotamka jina, tambua ni ala gani inayoingia na baada ya muda gani. Kisha chukua rekodi zozote za Tiffany uone jinsi kazi ile ile inavyofanywa na bendi iliyopungua nusu. Baada ya hapo tafuta rekodi za Milton Brown za 1934 hadi 1936, ambazo kiongozi wake ndiye mwimbaji. Utasikia muziki unaokaribiana sana, na utaweza kuamua mwenyewe ni kipi kilikuwa cha Brown na ni kipi kilikuwa cha Wills.